Nilimwambia mujukuu "mutoto ao masomo", kumbe kompyuta iko na "ao" ingine

Ninyi batoto munaosoma humu mukiwa kwa bus, ao kwa darasa huku mwalimu anaongea, wekeni masikio hapa kidogo. Nawasalimu.

Naona munaitana wakuu. Mimi si mkuu wa kitu. Mimi ni koko, yaani bibi, wa Furaha. Naishi Gashonga, huku Rusizi, na shule yangu iliisha mwaka wa tatu wa primary, ng'ambo kule Bukavu, mbele (yaani kabla) turudi huku kwetu.

Sitatia chumvi. Anayetaka chumvi aende sokoni.

Wiki iliyopita mumoja wenu aliuliza humu: "Nimeanza computer science, hizi fundamentals za mwaka wa kwanza zina kazi gani? Mbona ni moja na sifuri tu?" Mukamujibu mambo ya ajira na mishahara. Na mimi nina jibu, lakini langu linapita kwa maharagi, kwa hiyo mutulie.

Kwangu tuko batano. Mimi. Kijana wangu Papa Furaha, anaendesha moto, yaani pikipiki. Bibi yake, yaani muke wake, Maman Furaha, anavusha tomate, zile nyanya, kwa daraja la mpaka la Rusizi II kila asubuhi. Furaha mwenyewe. Na Ineza, mutoto wa Furaha, ambaye wakati wa haya mambo alikuwa na miezi tisa na alikuwa anatambaa kama amechelewa mahali.

Furaha njo, yaani ndiye, alikuwa wa kwanza kwa nyumba yetu kuingia chuo kikuu. Alipata nafasi ya kusoma computing kwa campus iliyoko Kamembe. Kutoka kwetu ni moto moja, hata jasho halijakauka umefika.

Semestre ya pili tumbo ikaonekana.

Kijana aliyehusika sitamuandika. Uzi huu hauna nafasi yake.

Nilimuita Furaha mbele ya baba yake na mama yake. Sikupiga kelele, mimi si muntu wa kelele. Nilisema maneno matatu: "Mutoto ao masomo."

Akaangalia chini. Akachagua mutoto. Na weye unayesoma, ungechagua nini, tumbo ikiwa ya miezi sita?

Akaenda campus, bakamupa suspension ya mwaka moja. Maana yake nafasi inamungoja mwaka, kiisha inaenda kwa mwingine.

Sasa niwaeleze hili neno, juu, yaani kwa sababu, bamoja wenu munatoka pwani na munasema "au". Huku tunasema "ao". Kwa nyumba yangu neno hili liko na uzito. Mugeni akifika anaulizwa, "Chai ao kahawa?" Anataja moja, imeisha. Furaha alipokuwa na miaka sita, aliulizwa naye, akajibu mbele ya bageni, "Byote, Koko."

Nilimupa kikombe kitupu.

Alikaa nacho kwa magoti mpaka bageni bakaondoka. Tangu ile siku hakuna muntu kwangu asiyejua: ao ni moja. Ukitaka byote weye ni mulafi, na mulafi anakunywa upepo.

Musinitukane bado. Ngojeni.

Mwaka ulipita. Ineza akazaliwa, akanenepa, akaota meno mbele. Furaha alifua, alilima, alipika. Hakulalamika hata siku moja. Nikasema moyoni, ona, amesahau bile bya mashine. Muntu anasahau akipata kazi ya mikono.

Ikafika jumatano moja. Mvua ilikuwa imeacha. Huku kwetu mvua ikiacha mchana, ukungu unapanda kutoka bondeni polepole, unameza migomba ya chini kwanza, kiisha ya katikati, na unabaki umekaa juu kwa mulango kama muko ndani ya maziwa. Ile saa hata jogoo anaongea kwa sauti ya chini.

Tulikuwa tumetandika kirago kwa baraza, tunachagua maharagi. Mimi niliegemea ukuta. Sikulala, lakini sikuwa macho pia. Nilikuwa pale katikati, mahali bazee tunakaa sana siku hizi.

Nikaona mikono ya Furaha. Haikuwa inatupa mbaya na kuacha nzuri. Ilikuwa inapanga. Nyeupe, nyekundu, nyekundu, nyeupe. Mustari mmoja wa mbegu nane, unaisha, mwingine unaanza.

"Unafanya nini na chakula ya bantu?"

"Naandika, Koko."

"Unaandika nini?"

"Jina ya Ineza."

Nilifungua macho yote mawili. Mistari ilikuwa mitano. Ineza ni herufi tano, hiyo hata mimi najua. Lakini sikuona herufi, niliona maharagi.

Akanieleza. Nyeupe ni iko. Nyekundu ni haiko. Mashine haijui kitu ingine duniani, inajua iko na haiko, basi. Mbegu saba zinatosha kuandika herufi moja. Ukibadilisha moja inakuwa herufi ingine.

Nikamwambia, "Uongo. Kwa simu yangu kuna picha ya marehemu Mzee wangu amevaa koti. Na hiyo ni iko na haiko?"

"Koti, kofia, na ile tabasamu. Byote, Koko. Iko, haiko, iko, haiko, mingi sana."



Batoto bangu, sijui kama mwalimu wenu aliwaambia jambo hili kwa namna ya kuwafanya munyamaze. Nilimuona Mzee wangu amelala kwa kirago kimoja kirefu, kinatoka kwa baraza yangu, kinashuka bonde, kinapita juu ya daraja, kinapanda vilima vya Bukavu tulikolelewa. Mbegu nyeupe na mbegu nyekundu. Na muntu akipita na ufagio asiyejua kusoma, angesema ni maharagi tu.

Nikauliza, "Saba njo herufi. Mbona umeweka nane?"

"Ya nane ni mulinzi."

Mulinzi gani tena wa maharagi? Nilitaka kucheka, lakini mbele nicheke, Ineza alikuwa amefika kwa kirago. Mkono ukaingia mustari wa tatu, ukatoka, ukaenda kinywani. Mara moja, kama kuku.

"Amekula!" nikasema.

Furaha hakuangalia mutoto. Aliangalia mustari. Kama mapigo mawili ya moyo.

"Amekula nyeupe," akasema.

Nilikamata mutoto, nikaingiza kidole, nikatoa mbegu.

Nyeupe.

"Umeona wakati anachukua?"

"Hapana. Kila mustari nyeupe lazima ziwe mbili mbili, zisibaki na upweke. Ya nane naiweka ili ziwe hivyo. Sasa hapa zimebaki tatu. Tatu haiwezekani. Kwa hiyo iliyoenda ni nyeupe."

Akachukua mbegu kwa kidole changu, akaipangusa kwa kitenge, akairudisha pahali pake. Jina ya mutoto ikawa nzima.

Sijui mulijifunza hiyo kwa kitabu gani. Mimi nimezaa saba. Nilikuwa nikiingia nyumbani jioni, batoto bote bamekaa kwa sahani, na mbele nitazame mumoja mumoja nilikuwa najua kuna asiyekuwepo, na mara nyingi nilijua ni nani. Hakuna aliyenifundisha. Sasa huyu binti alikuwa amefundishwa ile kitu kwa darasa, na mimi njo nilikuwa nimemutoa kwa ile darasa.

Ukungu ulikuwa umefika kwa ngazi.

"Kwa nini unapanga hizi mbegu?" nikauliza.

"Nisisahau."

"Usisahau juu ya nini? Ulichagua."

Alichanganya mistari yote kwa kiganja, maharagi yakawa tena maharagi.

"Mwisho ni ijumaa, Koko. Ijumaa saa sita bureau, ile ofisi ya campus, ikifunga, nafasi inaenda."

Alisema hivyo na akarudia kuchagua. Hakuomba. Angeomba ningemukatalia vizuri, juu kukataa najua. Lakini hakuomba, na mimi nikabaki na kukataa kwangu mkononi, sina wa kumupa.

Muelewe jambo moja. Kwetu muzee akishatoa neno mbele ya nyumba, halirudi. Likirudi mara moja, kesho hata kuku haitakutii. Miaka yote hii nimeshika hii nyumba kwa sababu neno langu likitoka limetoka.

Alhamisi nilimwambia alete cahier, ile daftari yake ya campus. Nilitaka kuona kile kitu kilichopotea kama kina thamani, ao ni maandishi ya kupamba kichwa.

Akaleta. Tukakaa pale pale. Ineza alikuwa mgongoni kwangu, analala na kuamka.

Kulikuwa na vijumba byenye mistari. Akasema hizi ni gates, milango. Kuna mulango unaitwa AND. Kitu kinapita tu kama huku iko na huku iko.

"Kama Rusizi II," nikasema. Nilivuka ile mpaka na tomate kichwani mbele Maman Furaha hajaolewa. Kitambulisho iko, jeton, ile karatasi ya kuvuka, haiko: rudi nyuma. Jeton iko, kitambulisho haiko: rudi nyuma. Byote biko: pita, maman.

"Ni ile ile, Koko! Ungepata maksi zote."

Sitawadanganya, nilifurahi. Muntu wa mwaka wa tatu primary kuambiwa hivyo na wa chuo kikuu. Nikafungua ukurasa ingine haraka, ili asione uso wangu.

Hapo nikakuta karatasi ya test. Imejaa wino nyekundu. Swali moja, aina ileile, alikosa mara nne.

"Hapa ulianguka juu ya nini?"

Furaha akaangalia, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Mwaka muzima sikuwa nimesikia ile kicheko.

"Juu yako, Koko."

"Mimi? Nilikuja kwa test yako?"

"Ulikuja kabisa! Ulikaa kwa kiti ya mbele!"

Akanionyesha. Mulango wa pili unaitwa OR, yaani ao. Huku haiko, huku haiko: jibu haiko. Huku iko, huku haiko: jibu iko. Mustari wa tatu vilevile. Mustari wa nne, huku iko na huku iko. Furaha aliandika haiko. Mara nne yote.

"Na umeandika vizuri," nikasema. "Ao ni moja. Akisema byote ni mulafi. Kikombe kitupu."

"Njo nilimwambia mwalimu hivyo. Darasa yote ilianguka chini kwa kucheka. Mwalimu akaniuliza, nani alikufundisha ao? Nikasema, ni Koko wangu. Kwa mashine, biwili bikiwa iko, jibu ni iko. Hakuna ulafi. OR inauliza tu kama kuna hata moja. Ukileta biwili, umejibu zaidi ya ulivyoulizwa."

"Mashine haina adabu."

"Ile yako pia inaijua. Wanaiita XOR. Moja, lakini si byote."

"Na hiyo si njo ya kweli?"

"Ni ya kweli, iko na kazi yake. Ile mbegu ya nane, mulinzi, inatoka kwa XOR. Ile ao yako njo inachunga jina ya Ineza." Alifunga kalamu. "Lakini si ao moja tu iliyoko, Koko. Ziko mbili. Na mimi kwa hii nyumba nilijua moja tu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama muntu anayesoma kilichoandikwa.

Akaenda kuanua muhogo. Mimi nikabaki na cahier kwa magoti na Ineza anapumua kwa shingo yangu.

Hapa naomba munivumilie, nitatoka kwa mustari.

Nilikuwa na miaka tisa, Bukavu. Mama yangu alizaa mapacha. Papa akaniita, alikuwa amekaa kwa kiti cha kamba, anakunywa chai. Akaniuliza, "Shule ao batoto ba mama yako?"

Nilikuwa najua kusoma vizuri. Nilikuwa pia nawapenda bale mapacha, walikuwa na harufu ya mkate. Nikafikiri: asubuhi shule, mchana nabeba mumoja mgongoni na kitabu mbele. Inawezekana. Nikajibu, "Byote, Papa."

Akacheka. Si kicheko kibaya. Akaniambia, "Ao ni moja, binti yangu."

Na nilikuwa nimesahau, batoto bangu. Ile sentensi nimeisema miaka yote kama yangu, nimeitundika kwa hii nyumba kama saa ya ukuta, na nilikuwa nimesahau mahali niliitoa. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi mwenyewe, miaka tisa, miguu mitupu, nilijibu sawa na mashine.

Sikulia. Niliangalia tu migomba. Upepo ukija majani yanafunguka, unaona kilima cha pili. Upepo ukienda yanajifunga. Iko. Haiko. Iko. Sijui nilikaa pale muda gani. Nafikiri Mzee wangu alipita na koti lake. Nafikiri na yule binti wa miaka tisa alipita, ana mutoto mgongoni na kitabu mbele, anasoma huku anatembea, na hajikwai.

Ineza alipoamka alinivuta kitambaa cha kichwa, nikarudi.

Mulichobaki kuuliza najua: basi kwa nini hukumuita palepale? Juu mimi ni mukaidi. Na juu kulikuwa na jambo ingine, la aibu zaidi, na niliahidi kusema kweli. Nilipotoa lile neno mwaka uliopita, sababu haikuwa adabu peke yake. Niliogopa kurudia kulea. Campus ni pale Kamembe, baba yake anashuka na moto kila asubuhi, jioni wote bamerudi. Kilichokosekana ilikuwa mgongo moja tu wa kubeba mutoto mchana, na mgongo uliokuwa nyumbani ulikuwa wangu. Nikafunika uvivu wangu na neno kubwa. Bazee tunafanya hivyo. Mutuangalie.

Nilipika ugali ile jioni bila kuongea. Papa Furaha akamuuliza bibi yake pole pole, "Maman yangu anaumwa?" Nikasikia. Nikamwambia, "Kula."

Sasa nije kwa lile somo, kiisha niwaache.

Yule aliyeuliza fundamentals zina kazi gani: mwanangu, hizo njo zinakuonyesha maneno uliyokulia ndani yake. Weye unafikiri unajifunza mashine. Mashine ni mujinga, haijui hata baridi. Inakuomba useme waziwazi unataka kusema nini, na hapo njo unaona kwamba kwenu neno moja lilikuwa linabeba mambo mawili, na moja ya yale mambo lilikuwa limekaa juu ya shingo ya muntu. Usiruke mwaka wa kwanza. Ukiona sifuri na moja umedharau, tandika kirago, panga maharagi, andika jina ya muntu unayemupenda.

Na ninyi bazee wenzangu, kama muko humu mumejificha kwa simu ya bajukuu: muchunguze mulitoa wapi zile sentensi zenu.

Semeni chini hapa, kwenu "ao" ni gani, ya kikombe kimoja ao ya mashine? Na mwenye kujua hii computing akiona nimeandika vibaya kwa mambo ya mbegu ya nane, anisahihishe kwa heshima. Matusi sitajibu. Nina mutoto mgongoni, na anataka hii simu.

Furaha nitamuonyesha akirudi jioni. Ile test alirudia. Mustari wa nne aliandika iko, mara nne yote.

Munataka kujua ile ijumaa nilisema nini. Sikusema samahani, sijajifunza kuisema na sitaanza kwa intaneti. Ukungu ulikuwa bado kwa mulango, Maman Furaha amefunga tomate, Papa Furaha anapangusa kiti ya moto, Furaha ameshika ufagio. Wote balikuwa pale, kama siku ile ya neno la kwanza. Nilikaa kwa kiti changu, nikasema:

"Maman Furaha, teremusha tomate kidogo, lete bikombe biwili. Kimoja tia chai, kimoja tia kahawa, na byote weka mbele ya huyu binti. Furaha, weka ufagio chini, kunywa byote, usibakize hata tone. Papa Furaha, washa moto, umufikishe campus mbele bureau haijafungua. Na huyo mutoto, munipe hapa mgongoni."